Wiki Ambayo Bi. Hidaya Aliruhusiwa Kufa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga. Kulitaja hadharani kunahitaji kibali, ofisi ya vibali hufunguliwa Jumatano tu, na mimi ninaandika haya Jumatatu. Niseme tu kwamba ni nchi nzuri na wananchi wake wote wana furaha. Tuliulizwa mmoja mmoja, mbele ya afisa, na hakuna aliyekataa.

Kazi yangu ni kuandika Mwongozo wa Wiki. Ni gazeti dogo la kurasa nane linalotoka kila Jumatano, na ndani yake mwananchi anaona vipindi vyote vya televisheni ya taifa kuanzia Alhamisi hadi Jumatano inayofuata: kipi kinaanza, kipi kinaendelea, kipi kinafaa kutazamwa. Kinachofaa kutazamwa tunakiwekea nyota. Televisheni tunayo moja tu, kwa hiyo vyote vina nyota.

Zamani palikuwa na safu ya vipindi vinavyomalizika. Iliondolewa miaka kumi na moja iliyopita. Jioni moja Mtukufu, yaani Kiongozi wetu, ambaye ametuongoza miaka ishirini na tisa kwa ombi letu wenyewe, alitazama sehemu ya mwisho ya tamthilia moja ya kifalme. Mfalme mzee alikufa, na watu wa nyumba yake wakaonekana wakila vizuri sana baada ya mazishi. Mtukufu aliuliza swali moja tu: "Nani amesema inaisha?"

Siku iliyofuata ikaundwa Idara ya Muendelezo. Siku ya pili yake Sheria ya Muendelezo ikafika bungeni. Mjadala ulikuwa mfupi, ingawa kisheria bado unaendelea.

Tangu hapo vipindi vyetu vinaanza tu. Katika Jikoni Kwetu, Ijumaa saa tano asubuhi, pilau ile ile iko motoni mwaka wa tatu sasa, kwa sababu kupakua ni kumaliza. Mpishi anaongeza maji na kutabasamu. Kwenye Chemsha Bongo, wanafunzi walioanza shindano wakiwa darasa la tano sasa wana ndevu. Mpira wa miguu unaonyeshwa kila Jumamosi, lakini mwamuzi haruhusiwi kupuliza filimbi ya mwisho. Wachezaji huondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama wageni wanaotoroka harusini. Kipa mmoja alikaa golini siku mbili kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Na Jumapili saa moja jioni kuna Mtukufu na Taifa, hotuba inayochukua saa tatu. Kila wiki tunaitangaza kwenye safu ya Vipya Wiki Hii.

Kuna sheria nyingine ndogo ambayo msomaji lazima aijue, vinginevyo yaliyotokea hayataeleweka. Kilichochapishwa katika Mwongozo hakibadilishwi. Mwongozo una mhuri wa taifa, na mhuri haukosei. Mwaka juzi mtu wa mitambo ya uchapaji aliandika kwamba Taarifa ya Habari itasomwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Msomaji wetu wa habari alisoma kwa saa kumi na mbili mfululizo. Alipomaliza habari za nchi alisoma za nje, alipomaliza za nje alisoma za humo studio. Tuliambiwa meza ni ya mninga na kiti kimelegea mguu mmoja.

Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi nilishuka studio namba mbili kuuliza kitakachotokea wiki ijayo katika Nyumba ya Kona. Hiyo ndiyo tamthilia inayopendwa kuliko zote. Inaonyeshwa kila Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni, moja kwa moja, bila kurekodi. Kurekodi kungemlazimu mtu kusema "kata", na Idara iliona kwamba neno hilo lina dalili mbaya.

Mhusika mkuu ni Bi. Hidaya, mama mwenye nyumba, ambaye aliugua miaka saba iliyopita. Walioandika hadithi walipanga afe baada ya wiki tatu. Idara ikakataa. Wakapanga apone. Idara ikakataa vilevile, kwa kuwa kupona ni mwisho wa ugonjwa. Basi Bi. Hidaya akabaki kitandani, na pamoja naye akabaki mwigizaji wake, Bi. Somoe, mama wa miaka sitini na minne, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza na mdomo usiopumzika. Kanuni zilimtaka awe kitandani saa zote za kazi, siku sita kwa wiki, ili ugonjwa usikatike. Alikuwa na chumba nyuma ya studio, na kutoka getini kulihitaji kibali.

"Shikamoo, Bi. Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuliza naendeleaje?"

"Ndiyo, bibi."

"Andika bado naumwa. Na nyota usisahau."

Nikaandika. Yeye akanivuta mkono nikae ukingoni mwa kitanda, pale ambapo kamera haifiki.

"Mwanaidi anajifungua wiki hii," akasema. "Mkunga kasema Jumamosi, ikichelewa sana Jumapili."

Mwanaidi ni binti yake wa pekee, ameolewa mji wa mpakani, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Hongera, bibi."

"Hongera ya nini? Wa kwanza alipozaliwa mimi nilikuwa hapa nakohoa. Wa pili nilikuwa nimezimia. Nilizimia mwezi mzima, si unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nililia."

"Ulilia wewe, na taifa zima likalia. Mwanangu akauguzwa na jirani. Mtoto anaogeshwa na jirani! Mwanamke ana mikono kama msasa." Akaikunjua mikono yake juu ya shuka, akaitazama mbele na nyuma. Kwetu mtoto mchanga huogeshwa na bibi yake siku arobaini, kwa maji ya vuguvugu, kisha anakandwa mafuta na kunyooshwa viungo. Bibi aliye hai asipofanya hivyo, watu hujiuliza ana nini moyoni. "Huyu ni wa tatu, na Mwanaidi kasema hazai tena. Nikikosa huyu, Shemsa, basi mikono hii ilikuwa ya nini?"

Nilimuuliza kuhusu barua yake ya kuomba ruhusa.

"Si hii hapa." Akaitoa chini ya mto. Ilikuwa na miaka sita na ilisema ombi lake limepokelewa na linaendelea kushughulikiwa. Chini ya kitanda niliona begi la kitambaa cha maua, limefungwa zipu na kukazwa kwa kanga. Lilikuwa limefunikwa vumbi. Alilipanga tangu mimba ya kwanza ya Mwanaidi.

"Nikusaidieje, bibi?"

Akacheka hadi akakohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa cha kweli. "Wewe? Wewe ukimkanyaga sisimizi unamwomba radhi. Nenda, mama, ukaandike. Watu wanasubiri kujua kama bado naumwa."

Nilirudi mezani kwangu. Nilikusudia kuandika, kama kila wiki kwa miaka yangu miwili ya kazi, "Bi. Hidaya bado yu kitandani." Nina hati nzuri; chuoni walinisifu. Lakini nilipoinua kalamu nilikuta nimeandika hivi:

*Alhamisi, saa 12:30 jioni. Nyumba ya Kona. Bi. Hidaya anafariki dunia kwa amani. Sehemu ya mwisho. Nyota.*

Sikuwa na nia mbaya. Nilijua kwamba maafisa saba lazima waisome kabla ya kuchapwa, kwamba mmoja wao ataifuta, na kwamba mimi nitapewa onyo. Nilitaka tu sentensi hiyo iishi siku moja.

Jumanne

Jumanne ni siku ya sahihi. Mwongozo hupelekwa kwa maafisa saba, kwa ngazi, na kila mmoja anatia sahihi chini ya mwenzake kuthibitisha kwamba amesoma. Kawaida jalada huzungushwa na Bwana Kaluse, mkuu wa kitengo chetu, lakini goti lilikuwa linamsumbua, akanituma mimi.

Nilianza na yeye mwenyewe. "Bwana Kaluse, naomba leo usome ukurasa wa nne."

"Kwa nini? Una kosa?"

"Sina hakika. Ndiyo maana naomba usome."

Bwana Kaluse ni mtu mwema ambaye ameishi miaka mingi kwa kutotaka kujua. Akaniangalia juu ya miwani. "Shemsa, baada yangu kuna wakubwa sita. Mimi nikisoma sana, itaonekana nawatilia shaka." Akatia sahihi.

Wa pili alisema wa kwanza ni makini. Wa tatu alikuwa kwenye simu, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, akaniomba niondoe kidole changu kwenye ukurasa wa nne kwa sababu kilikuwa kinamziba. Wa nne alikagua sahihi tatu za juu kwa kioo cha kukuzia na kuridhika kwamba ni za kweli. Wa tano alikuwa amelala, na katibu wake akaniambia huwa anatia sahihi vizuri zaidi akiwa hivyo. Wa sita aliniuliza kama nimeolewa.

Wa saba ni Mheshimiwa Pongwe, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Muendelezo. Ofisi yake ina saa ya ukutani isiyo na mishale. Nilisimama mbele ya meza yake, nikasema kwa sauti ndogo niliyo nayo:

"Mheshimiwa, nakuomba sana usome ukurasa wa nne, pale penye Nyumba ya Kona."

Akaweka kalamu chini, polepole. "Binti, unaitwa nani?"

"Shemsa, Mheshimiwa."

"Shemsa. Unaona sahihi hizi sita?"

"Naziona."

"Hawa ni watu wazima. Wana familia. Wana shahada. Unataka kuniambia kwamba watu sita wenye shahada wamesoma karatasi hii, na wewe, karani, unadhani kuna jambo hawakuliona?"

"Nadhani hawakuisoma, Mheshimiwa."

Akacheka kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto. "Binti, katika nchi hii hakuna mtu anayetia sahihi asichokisoma. Ni kosa la jinai." Akatia sahihi. Akagonga mhuri. Akapulizia wino ukauke.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikala pipi mbili kwa mpigo.

Jumatano

Mwongozo ulitoka saa moja asubuhi. Saa moja na robo watu walikuwa wamesimama barabarani wakisomeana ukurasa wa nne. Wengine walidhani ni mtego na wakairudisha karatasi kwa muuzaji, wakaomba nyingine isiyo na kifo.

Saa mbili aliingia ofisini kwetu Chande, muongozaji wa Nyumba ya Kona, shati limetoka nje ya suruali.

"Nani kaandika hivi? Kesho jioni anakufa, na mimi sina mtu anayejua kufa! Vijana wangu wote wameingia kazini baada ya Sheria. Hawajawahi hata kuagana mbele ya kamera!"

Saa tatu akaingia Mheshimiwa Pongwe mwenyewe. Alikuwa ameushika Mwongozo kwa vidole viwili, mbali na suti yake. Bwana Kaluse akasimama, goti likapona.

"Ni nani," akasema Mheshimiwa, "aliyeidhinisha uchafu huu?"

Bwana Kaluse aliligeuza jalada, taratibu, likamwelekea Mheshimiwa, sahihi ya saba ikiwa imenona chini ya mhuri.

Mheshimiwa Pongwe akaitazama muda mrefu. Niliyaona mawazo yakipita usoni mwake moja moja, kama ng'ombe wanaopita mlango mwembamba. Kusema hakusoma ni kosa la jinai. Kusema alisoma ni kukubali kifo.

"Sahihi hii ni yangu," akasema mwishowe. "Basi nilisoma. Kama nilisoma, nilikubali. Na kama nilikubali, nilikuwa na sababu." Akatugeukia. "Nitafutieni sababu."

Tuliitafuta hadi adhuhuri. Bwana Kaluse alipendekeza kwamba Bi. Hidaya anakufa ili kuonyesha uimara wa huduma zetu za mazishi. Ikapita. Lakini Mheshimiwa hakutulia. Alitembea huku na huku, kisha akapiga kofi moja.

"Mwongozo unasema anafariki. Je, unasema macho yake yatafanya nini?"

"Hausemi," Chande akajibu.

"Vizuri. Atafariki kama ilivyochapishwa. Kisha, kabla kipindi hakijatoka hewani, atafumbua jicho moja. La kushoto. Si lazima yote mawili. Jicho likifumbuka hajafa sawasawa, na kama hajafa sawasawa, anaendelea."

Tukashuka wote studio namba mbili kumwambia. Bi. Somoe alisikiliza akiwa amelala chali, shuka hadi kidevuni.

"Umenielewa, mama?" Mheshimiwa akauliza. "Unakufa, halafu jicho."

"La kushoto."

"La kushoto. Taifa zima litakuwa linakutazama."

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema Bi. Somoe. Kwa miaka yangu miwili pale sikuwahi kusikia kwamba amemjibu mkubwa jambo jingine.

Walipoondoka nilipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, bibi. Nilidhani watasoma."

Yeye alikuwa ananyoosha mkono chini ya kitanda, anapangusa vumbi kwenye begi.

Alhamisi

Dakika tano kabla ya kipindi, Mheshimiwa Pongwe alitokea hewani na kulihutubia taifa. "Ndugu wananchi, kifo mtakachokiona jioni hii si mwisho. Ni muendelezo wa uhai kwa utaratibu mwingine. Kimeidhinishwa kwa majaribio, kwa mtu mmoja, kwa siku moja. Wananchi mnaombwa msikiige."

Saa kumi na mbili na nusu taa zikawaka. Mimi nilisimama nyuma, karibu na nyaya. Mheshimiwa alisimama ubavuni mwa kamera, pale ambapo Bi. Somoe angemwona na watazamaji wasimwone.

Kijana anayeigiza mtoto wa Bi. Hidaya aliingia na bakuli la uji. Chande alikuwa amemwandikia maneno mapya usiku ule, lakini yote yalimtoka, akabaki na yale aliyoyasema kila Alhamisi kwa miaka saba:

"Mama, unaendeleaje?"

Jibu lake linajulikana hata na watoto wa chekechea. Bi. Hidaya husema, "Bado, mwanangu, bado." Mitaani watu huliitikia pamoja naye.

Bi. Somoe alimtazama kijana yule kwa huruma, akampapasa shavu.

"Nimemaliza, mwanangu," akasema.

Neno hilo lilikuwa halijasikika katika televisheni yetu kwa miaka kumi na moja. Kijana akaachia bakuli. Hakuwa anaigiza, uji ulimwagika kweli, na akalia kweli, kilio kibaya chenye kamasi. Bi. Somoe akalaza kichwa upande, akavuta pumzi moja ndefu, akaitoa, na hakuvuta nyingine ambayo mtu angeweza kuiona.

Tukasubiri jicho.

Dakika ya kwanza Mheshimiwa alitabasamu na kuelekeza kidole kwenye jicho lake mwenyewe. Dakika ya tatu alilipanua kwa vidole viwili hadi likaonekana lote, jekundu. Hakuweza kupiga kelele, tulikuwa hewani. Akaruka ruka. Akampungia koti. Mpigapicha alikuwa amekaa na uso ule miaka saba. Akaisogeza kamera polepole hadi kope za Bi. Somoe zikajaza kioo, na kila nyumba nchini ikaziona kwamba hazichezi. Nilijikuta naomba, nami sikuwa najua naomba kwa nani: bibi, usifumbue, nakuomba, hata ukiwashwa.

Dakika ya kumi inzi akatua kwenye kope ya kushoto. Mheshimiwa akakunja ngumi kwa matumaini. Inzi akatembea, akanawa mikono, akaruka.

Saa moja kamili Mwongozo unasema ni Hali ya Hewa, na kilichochapishwa hakibadilishwi. Taa zikazimwa, ramani ya mvua ikaingia, na Bi. Hidaya akawa amekufa kwa mujibu wa sheria.

Bi. Somoe akaketi. "Inzi yule katumwa na mtu humu," akasema, akijisugua jicho. Akashusha miguu, akavaa buibui, akavuta begi, akapita mbele ya Mheshimiwa bila haraka, kwa sababu magoti yake yalikuwa hayajatembea umbali huo muda mrefu. Nikamshika mkono. Nyuma yetu Mheshimiwa alikuwa anamfokea Chande kwamba mwanamke yule arudishwe kitandani.

Getini palikuwa na mlinzi anayeitwa Mzee Ngwali, mtu mnene anayesema taratibu.

"Bi. Somoe! Kibali cha kutoka?"

"Sina."

"Basi rudi kitandani, dada yangu. Usinitafutie balaa na pensheni iko karibu."

"Una Mwongozo hapo? Soma ukurasa wa nne."

Mzee Ngwali akautoa mfukoni, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa kidole, neno kwa neno. Katika taasisi yetu yote, huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akisoma jambo kabla ya kuliamua.

"Hapa wanasema umefariki."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na mhuri upo." Akafikiri. "Mimi kazi yangu ni kuzuia wafanyakazi. Marehemu si mfanyakazi."

"Nakusikiliza wewe, kaka."

Mzee Ngwali akasimama, akavua kofia. "Pole sana, Bi. Somoe. Kwa kweli tulikupenda."

"Asante. Sasa nishikie begi nivuke kizingiti."

Mimi nilibaki ndani. Aligeuka mara moja, akaniambia, "Ule, mwanangu, umekonda," kisha akashika njia ya stendi, ambako basi la mpakani huondoka alfajiri.

Jumamosi

Msiba ulikuwa mkubwa. Mitaa mizima ilitandika mikeka. Watu walipika, walilia, walisimuliana jinsi Bi. Hidaya alivyowahi kumfokea mkwewe, na usiku wa kwanza wakalala vizuri, kama watu waliotua mzigo. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ijumaa mpishi wa Jikoni Kwetu alizima moto na kupakua. Alisema hakukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Pilau ilikuwa nyeusi na kamera ilionyesha kila punje. Jumamosi mwamuzi alitazama saa yake, akatazama wachezaji waliochoka, akapuliza filimbi mara tatu. Timu moja ilikuwa imeshinda na nyingine imeshindwa, na hakuna aliyejua kinachofuata, hadi aliyeshindwa akamkumbatia aliyeshinda na kumuuliza, "Kwa hiyo sasa tunakwenda nyumbani?"

Wakaenda nyumbani.

Barua zikaanza kufika ofisini kwetu. Ya kwanza nilidhani ni ya rambirambi. Ilitoka kwa mkulima wa vitunguu aitwaye Mzee Sefu Kitwana, na iliandikwa kwa adabu kubwa. *Mpendwa Mwandishi wa Mwongozo,* alisema, *nimefurahi kujua kwamba vipindi vina sehemu ya mwisho. Naomba kufahamishwa sehemu ya mwisho ya Mtukufu na Taifa itaonyeshwa lini. Siulizi kwa ubaya. Nauliza ili nipange kuvuna.*

Kufikia jioni zilikuwa magunia mawili. Hakuna aliyeuliza kwa ubaya.

Jumatatu, tena

Nilitegemea kukamatwa. Badala yake nilipewa cheti. Kwa kuwa kifo kile kiliidhinishwa na kilikuwa na sababu, aliyekiandika alikuwa ametekeleza sera ya taifa kwa usahihi. Mheshimiwa Pongwe alinikabidhi kwa mkono wake, bila kunitazama, na jicho lake la kushoto bado lilikuwa limevimba.

Kisha akatangaza utaratibu mpya. Idara ilikuwa imekaa siku tatu kutafuta jinsi ya kuzuia aibu kama ile. Iligundua kwamba tatizo lote lilitokana na maafisa kutia sahihi jambo ambalo limekwisha kuandikwa, hivyo kulazimika kudai wamelisoma. Kuanzia sasa maafisa watatia sahihi kwanza. Hakuna atakayeweza kulaumiwa kwa kutosoma kitu ambacho hakikuwepo.

"Busara kubwa sana, Mheshimiwa," Bwana Kaluse akasema.

Basi leo asubuhi nimekuta mezani kwangu kurasa nane nyeupe. Chini ya ukurasa wa mwisho kuna sahihi saba, zimepangwa kwa ngazi, na mhuri wa taifa umekauka vizuri. Hakuna kilichobaki isipokuwa vipindi.

Nilikuwa bado nazitazama simu ilipolia. Kwanza nikasikia maji yakimwagwa kwenye beseni, kisha mtoto mdogo akilia kwa hasira zote za dunia.

"Shemsa! Unamsikia?"

"Namsikia, Bi. Somoe. Shikamoo."

"Marahaba. Wa kike. Kaja juzi alfajiri, nimemkuta mama yake ndiyo anaanza uchungu. Ana miguu mirefu huyu, nimemnyoosha, kanipiga teke la tumbo. Ngoja, ngoja, mama, maji si moto, usinitukane... Shemsa, nakuuliza kitu. Huku Mwongozo hauji mpaka Ijumaa, na mimi huwa namwogesha saa moja jioni, akitoka hapo analala moja kwa moja. Jumapili saa hiyo kuna cha kutazama, au ni yale yale?"

Nilitazama ukurasa wa sita, pale pa Jumapili, ambapo kila wiki huandika Mtukufu na Taifa. Ulikuwa mweupe kabisa. Nikachomoa kifuniko cha kalamu kwa meno, kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa umeshika simu.

"Jumapili hii, bibi," nikasema, "mwogeshe mapema."